Bi Ardith Vopalka, Aliyejua Nani Yuko Ndani

Baba Paroko, ndugu na jamaa, majirani wa Sorley na wa Kaunti yote ya Dunmore, maafisa wa polisi mliokuja na sare na mlioziacha nyumbani, nanyi mliowahi kulala upande wa pili wa ukuta wa jiko letu, mnajijua na leo sitamtaja mtu, mimi ni Janelle, binti wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea safari ya maisha ya mama yetu.

Marehemu Ardith Marie Vopalka alizaliwa tarehe 14 Machi 1935, katika shamba la wazazi wake, Bwana Anton Hrdy na Bi Libuse, maili sita kaskazini mwa Sorley, hapa Nebraska, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba, na wa kwanza, kama alivyopenda kutukumbusha, kuzaliwa akiwa na nywele.

Alisoma shule ya chumba kimoja ya Wilaya ya Tisa, akienda kwa miguu kiangazi na kwa gari la kukokotwa na farasi wakati wa theluji, kisha akajiunga na sekondari ya Sorley na kuhitimu mwezi Mei 1953. Mwaka huohuo aliajiriwa kuunganisha simu katika kituo cha simu cha mjini, kazi iliyomfundisha sauti ya kila mtu wa kaunti hii, pamoja na wale waliodhani wakibana pua hawatajulikana.

Tarehe 8 Juni 1957 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Leonard Vopalka, katika kanisa hilihili, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Lyle, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1958, na mimi niliyefuata mwaka 1961. Baba alichaguliwa kuwa sherifu mwaka 1962, na Januari iliyofuata tukahamia katika nyumba ya jela, sisi mbele, mahabusu nyuma, na jiko katikati, na kwa kuwa mke wa sherifu ndiye aliyekuwa mpishi wa jela, mama akaanza kupikia watu wawili siku moja na watu tisa siku nyingine, bila kujua kesho italeta wangapi.

Wengi wenu mnalikumbuka jiko lile, na harufu ya kolachi, vile vimikate vitamu vya aprikoti, siku ya Jumamosi. Mnakumbuka pia kwamba akina mama wa kanisa hili hubandika utepe wa gundi wenye jina chini ya bakuli, ili baada ya chakula cha pamoja kila bakuli lirudi kwa mwenyewe, basi mama alifanya vivyo hivyo kwa sahani za mahabusu, kwa sababu huyu alikuwa na sukari, yule hakuruhusiwa chumvi, na mwingine akilishwa kabichi wenzake hawalali. Rejista rasmi ilikuwa ghorofani mahakamani, ikifunguliwa Jumatatu na karani aliyependa kuulizwa mara mbili, lakini mtu akitaka kujua nani yuko ndani alikuja kwenye dirisha la jiko, au alipiga simu.

Simu zilikuwa za laini moja kwa nyumba nane, na nyumba saba zilikuwa zinasikiliza, kwa hiyo mama hakutaja jina la mtu hata siku moja. Mke akipiga Jumapili asubuhi na kuuliza kwa sauti ya chini, "Ardith, samahani, hivi kuna kitu changu kwako?" yeye alijibu, "Bakuli lako liko hapa, halijavunjika, nimelisafisha, ukija lete soksi." Kaunti nzima ilijua maana yake na kaunti nzima ilinyamaza, na huo ni ustaarabu ambao leo siuoni.

Nakumbuka mzee Emil Sedlak, Mungu amrehemu, ambaye familia yake imeniruhusu kumtaja, akisimama dirishani siku moja katikati ya mavuno ya ngano, hajanywa hata tone, akauliza, "Bi Ardith, Jumamosi unapika nini?"

"Bata na kabichi. Kwani vipi?"

"Basi nifungwe Jumamosi. Ijumaa nina kazi."

Mama akamtupia taulo la vyombo, na Jumamosi akamwekea paja.

Sasa nifike mahali ambapo mama angependa nipite haraka, lakini sitapita haraka, kwa sababu bila hapo maisha yake hayaeleweki. Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1977, kaka yangu Lyle, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, alichukua lori la jirani bila ruhusa, akiwa amelewa, akalitumbukiza kwenye mtaro, na baba alipoletewa habari alisema, "Mtoto wa sherifu hana mlango wake," akamfungia nyuma na wengine. Asubuhi mama alikaanga mayai, akapaka juu yake jamu ya zabibu, maana hivyo ndivyo Lyle alivyokula mayai tangu ana miaka minne, na sisi wengine tulikuwa tukigeuza uso, kisha akabandika utepe wenye jina lake chini ya sahani, kama alivyobandika sahani nyingine zote asubuhi ile, akampitishia kwenye kidirisha cha chakula kilichokuwa ukutani kati ya jiko na mahabusu.

Lyle aliinua sahani, akaona utepe. Nilikuwa nimesimama kando ya jiko la gesi na nilimsikia akisema, "Kumbe hata wewe, mama, umeniandika?"

Akairudisha sahani, haijaguswa. Jumatatu alipoachiwa alipita katikati ya jiko bila kuketi, akapanda basi la kwenda magharibi, na mama hakumwona tena. "Mkono ulizoea," mama alikuwa akisema, miaka na miaka, hata bila kuulizwa, akiwa anamenya viazi, "sikuwaza, mkono tu ulizoea." Sahani ile hakuipa mtu mwingine. Aliiosha upande wa juu peke yake, asiloweshe utepe, akaiweka kabatini nyuma ya sahani za sikukuu.

Mwaka 1984 kijana mmoja wa kikosi cha wavunaji alituambia kwamba aliwahi kulala jela moja na Lyle, huko Montana, na kwamba walitoka salama. Wengine wangeona aibu. Mama alifurahi hadi akatoka nje kulia, kwa sababu mwanawe alikuwa hai, na kwa sababu, kwa maneno yake, jela ni mahali pekee ambapo mtu asiye na makazi akiingia lazima aandikwe na lazima alishwe. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa, alipigia simu jela za kaunti za magharibi, moja baada ya nyingine, na alipofika mwisho alianza upya.

Jela yetu ilifungwa mwaka 1991, ikajengwa mpya kando ya barabara kuu, ambako chakula huletwa na gari kikiwa kwenye visanduku, baba akafariki mwaka 2003, na mimi nikanunua kompyuta nikimwahidi mama kwamba sasa kazi imekwisha. Haikwisha. Kaunti kubwa zilituonyesha kila mfungwa na picha yake, ila hizi ndogo, zenye vitanda sita na mbwa mmoja, ukurasa wao ulisema unajengwa, na ulijengwa miaka tisa. Mama akaniambia, "Zima hilo dude, nipe simu." Afisa kijana akipokea humwambia majina hayatolewi kwa simu, ajaze fomu, asubiri, naye hujibu, "Sawa mwanangu, sasa niunganishe na jikoni."

"Jikoni, bibi?"

"Kwani hapo mnakula karatasi?"

Kwa mpishi hakuuliza jina, maana hata mpishi ana mkubwa wake. Aliuliza kama kuna mwanamume anayepaka jamu ya zabibu kwenye mayai.

Jumapili tarehe 11 Februari mwaka huu, 2018, katika jela ndogo ya kaunti moja ya Montana, mpishi aitwaye Bi Twyla alicheka akasema, "Yupo mzee mmoja hapa mwenye ndevu. Nimemwambia huo ni uchafu."

"Si uchafu," mama alisema. "Mwulize mama yake anaitwa nani."

Tulimsikia Bi Twyla akiita, kisha kwa mbali sauti nzito ya mtu mzima ikasema, "Ardith." Mama akakata simu bila kuaga, akanigeukia. "Bakuli langu limeonekana," akasema, na ilibidi tumpigie Bi Twyla tena kumwomba radhi.

Lyle alikuwa amebakiza wiki sita za kifungo, kwa kosa la kuendesha gari akiwa amelewa, na aliruhusiwa simu moja kila Jumapili. Mama hakumuuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo. Alimuuliza, "Umekula?" Naye alijibu kila mara, "Nimekula ya huku, mama. Ya kwako nitakula nikifika."

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Novemba mwaka jana, akalazwa tarehe 17 Machi, na licha ya jitihada za madaktari akatutoka Jumatano tarehe 21 Machi 2018, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Lyle aliachiwa Ijumaa. Nimeikasirikia Jumatano ile, na bado nimeikasirikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokuja na theluji magotini, ofisi ya sherifu kwa gwaride la heshima, Baba Paroko, Bi Twyla ambaye amesafiri siku nzima na yuko benchi la nne, na akina mama wa parokia walioandaa chakula ukumbini chini, ambako mabakuli yana majina, tafadhali kila mmoja aondoke na lake.

La mwisho namwambia mama mwenyewe. Leo asubuhi nimekaanga mayai, nimepaka jamu, nimetoa sahani kabatini. Lyle ameigeuza kabla sijapakua, amesoma jina lake kwa mwandiko wako, amesema, "Bado umeshika," akakaa kwenye kiti chako muda mrefu akiupapasa ule utepe kwa kidole. Kisha ameniletea sahani niijaze, amemaliza, amefuta jamu kwa mkate, akaomba tena.

Pumzika kwa amani, mama. Lyle amekula.