Kitu Kilichofunikwa Kitambaa

Ilikuwa Alhamisi ya Oktoba 1984, si Jumatano kama wanavyosema shangazi zangu. Lori la Dar es Salaam lilisimama sokoni Nachingwea, injini ikinguruma. Mbele ya kibanda cha kaka yangu Amiri, fundi redio tuliyemwita Mawimbi, ukurasa wa jarida la Kizungu ulikuwa umetandazwa juu ya benchi. Ulionyesha kitu kilichofunikwa kitambaa, na mkono wa mtoto umeshika pindo. Mwalimu Evodius, ambaye pale kijiweni aliitwa Kamusi, alikwisha kututafsiria: kampuni ya Japani inatangaza mchezo mpya wa betri, wa kushika mkononi, wenye vijitu vinavyokimbia ndani ya kioo. Utatoka Novemba. Gregori, mfanyabiashara aliyehamia kwetu kutoka Songea, alitaka kuondoka na baiskeli ya marehemu baba akaiuze Dar, kisha amletee Amiri mchezo huo. Baiskeli hiyo ndiyo iliyompeleka Amiri vijiji vya Mandawa na Likunja kutengeneza redio za watu. Hatukuwa na nyingine.

Gregori: Mawimbi, amua. Dereva hanisubiri mimi.

Amiri: Kwanza niambieni. Kwa nini wamekifunika?

Shaibu, muuza kahawa, alikuwa anamimina.

Shaibu: Ndiyo biashara, bwana. Mimi harufu inatangulia, kikombe kinafuata.

Amiri: Birika lako naliona. Hiki sikioni.

Kamusi: Wanawatisha wenzao. Ukitangaza chako mapema, mteja anaacha cha jirani, anakusubiri wewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Shaibu: Sasa hiyo inaingiaje hapo, mwalimu?

Kamusi: Inaingia. Mkuu ni kampuni.

Shaibu: Basi mimi nasema hata hawajakitengeneza! Wanatangaza, wanatega sikio. Kelele zikitosha ndipo wanaita mafundi.

Amiri: Yaani natoa baiskeli nipewe kitambaa?

Gregori: Achana na huyo, kahawa imempanda kichwani. Tazama mwezi waliochagua. Novemba! Korosho zinaokotwa, watu wana chochote mfukoni. Unadhani ni bahati?

Kamusi: Wajapani wanajua korosho za Ruangwa?

Gregori: Wanajua mpaka mkorosho wa Likunja uliochelewa kuchanua. Wana watu wao.

Shaibu: Labda ni wewe.

 Lori likapiga honi.

Gregori: Hiyo ya kwanza. Ukiwa wa pili wilaya nzima, usinilaumu. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Amiri alikuwa ameona mchezo wa namna hiyo, wa kampuni nyingine, Mtwara, dukani, nyuma ya kioo, na tangu siku hiyo alikuwa akiuchora kwenye maboksi ya vipuri.

Amiri: Nimeelewa sasa. Ni kama mwali. Hawamwonyeshi kabla ya siku ya kutoka, ila siku inatangazwa miezi mbele, ndugu wajiandae. Na siku ikifika, anatoka. Lini umesikia mwali hakutoka?

Gregori: Umesema mwenyewe! Lete.

Amiri akaisukuma baiskeli hatua mbili. Nikaishika keria. Hakugeuka kunitazama. Honi ya pili ikalia.

Hapo ndipo alipofika Bi Sofia, mkulima wa Marambo, redio yake imefungwa kwenye kanga. Shaibu akampa kikombe. Alikunywa amesimama, akiwasikiliza mpaka akaelewa.

Bi Sofia: Samahanini, wanangu. Huko kwa mwali, anayetangaza siku ndiye anayemtoa. Hawa Wajapani nao wametaja mwezi wao. Wewe baba unayechukua baiskeli, utarudi siku gani?

Gregori akatazama lori.

Gregori: Mama, mambo ya safari…

Bi Sofia: Siku gani, baba?

Kamusi akaugeuza ukurasa, kana kwamba siku hiyo imeandikwa upande wa nyuma. Shaibu akainamisha birika, yakatoka machicha matupu. Honi ya tatu ililia ndefu. Gregori akapanda lori mikono mitupu, wala hakuaga.

Amiri aliegemeza baiskeli ukutani, akaipokea redio ya Bi Sofia, akaitikisa karibu na sikio.

Amiri: Nitakuletea Marambo, mama. Jumatatu, kabla ya adhuhuri.

Mimi bado nilikuwa nimeshika keria.