Sinema Ambayo Tata Alisema Haijaisha

Bwana asifiwe, wapendwa wa Nyakunguru! Shikamooni wazee. Nimeuandika ushuhuda huu pole pole kwa siku nne, maana nikisimama mbele ya watu ulimi unakauka. Mwinjilisti amekubali kuwasomea.

Mmenijua kama kijana wa benchi la mwisho anayeishi kwa mjomba wake. Hamjui kwa nini nilikuja.

Kwetu ni Turwa. Miaka miwili iliyopita Tata, yaani baba yangu, alinikabidhi ng'ombe wake niwachunge. Nilikuwa nimeazima shuleni kitabu kile kinachosomwa sana na watu, cha kijana aliyeiacha nyumba ya baba yake akapotea. Nilikaa juu ya kichuguu nikasoma. Nilipoinua macho, ng'ombe tisa hawapo! Wezi walikuwa wamekwisha kuwavusha mto. Ndugu zangu, kaka yangu alikuwa aoe kwa ng'ombe hao.

Tata hakunipiga. Alisema tu, "Kitabu chako ndicho baba yako. Nenda kikulishe."

Nikaja huku. Nililima, nikala, lakini neno lile lilinikaa kifuani kama jiwe la kusagia. Mnajua desturi yetu. Neno la baba hulifuta baba mwenyewe, kwa kukutemea maji kifuani na kukubariki. Nilisali sana, ndugu zangu! Lakini kwenda kwake niliogopa.

Kisha nikasikia kwamba gari la sinema litaonyesha hadithi ya kitabu kile kile katika kanisa la Turwa. Nikatembea tangu alfajiri. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa ngozi za ng'ombe ili mchana uwe giza. Nikajibanza nyuma. Mara nikasikia sauti ninayoijua ikisema huko mbele, "Nimekuja kukiona kilichokula ng'ombe wangu." Watu wakacheka. Alikuwa Tata!

Mwisho wa sinema, baba wa kijana yule alimkimbilia mwanawe akamkumbatia. Mashine ikazimwa. Mchungaji akauliza tumeionaje. Nadhani wenye gari walitazamia machozi. Lo! Waliikosoa bila huruma.

"Mzee mzima anakimbia kama ndama!" alisema mama mmoja. "Wake zake walikuwa wapi wamshike?"

"Na kijana hata shikamoo hana," akadakia mwingine.

Tata akasimama. "Sinema hii haijaisha. Yule mzee hajasamehe. Amemshika-shika mabega tu, kama anachagua fahali mnadani. Maji yako wapi?"

"Mzee wangu, labda kwao hawatemei," alisema mchungaji.

"Basi mtoto atapataje usingizi, na neno la baba yake bado liko kifuani?"

Mchungaji akamwuliza taratibu, "Wewe ungemtemea?"

"Wangu hajarudi," akasema Tata.

Ndugu zangu, mimi ambaye naona haya hata kuomba chumvi, nilisimama katika giza lile. Sijui miguu ilitoka wapi. Ni Bwana! Nikasema, "Tata, niko hapa nyuma."

Mtu akaishusha ngozi ya dirisha, mwanga ukaingia. Tata akanijia mpaka nyuma.

"Umekonda," akasema. "Kumbe kitabu hakikulishi."

Akaomba maji. Wakamletea kibuyu. Nikafungua vifungo vya shati, naye akanitemea kifuani. Maji yalikuwa ya baridi. "Lala vizuri, mwanangu," akanibariki. "Uzae, uchunge, usome." Kisha akawageukia wenye gari: "Sasa imeisha."

Ng'ombe hawajapatikana. Kaka bado hajaoa, nami nitarudi Turwa tulime pamoja mpaka aoe. Lakini usiku ule nilipata usingizi wa mtoto mchanga. Asante, Yesu! Asante, mjomba, kwa ugali wa miaka miwili.

Wewe unayesikia haya, ukiwa na neno kifuani, mwamini Bwana ufungue kinywa. Usisubiri ushujaa, mimi sikuwa nao. Sema tu kwamba uko hapa. Huenda anayekungoja ameketi mbele yako, hajui tu kwamba umefika.