Misumari na Mwenzake, Mafundi wa Makochi

Ndugu, jamaa, majirani na wateja, pamoja na nyinyi wachache mnaonong'ona kwamba makochi yenu bado yako karakana, yapo, tulieni, familia imeona msomewe maisha ya marehemu kama alivyoyaishi, bila kuyapaka sukari, maana mwenyewe alituonya kwamba akisifiwa uongo atainuka.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Misumari, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa pili wa baba fundi bomba na mama muuza mkaa, akaingia shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1972, na masomo yakaishia hapo, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa subira, kwani mwalimu akieleza hesabu yeye alikuwa chini ya dawati akichungulia lilivyoungwa.

Ufundi hakufundishwa na mtu, aliokota kochi lililotupwa, akalifumua, akalirudishia, akabaki na springi mbili mkononi zisizojulikana zimetoka wapi, akalifumua upya, mpaka likakalika. Tarehe 4 Machi 1986 akafungua karakana yake, chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, peke yake, na kila aliyemshauri atafute mshirika alijibiwa kwa mdomo uliojaa misumari, ndiko lilikotoka jina, kwamba yeye hana muda wa kubishana na mtu kila asubuhi nyundo ishuke wapi.

Hapa tuseme kweli, maana si siri. Huyu asiyetaka mshirika alikuwa naye mmoja wa mdomoni, aliyemwita "mwenzangu", kazi ikichelewa ni mwenzangu kasafiri, mguu wa kiti ukiwa mfupi ni mwenzangu aliyeupima, na mteja akija juu, marehemu alikuja juu kumzidi, "Hebu ngoja mwenzangu arudi, leo atanitambua!" Ndugu zake tulimgombeza mpaka tukakauka koo, naye akatuambia huyo ndiye mshirika bora, hali, halali, wala haleti maneno.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa mvulana mmoja na wasichana wawili, na nyumba yao haikuwahi kukosa kicheko wala kochi lililokatika mguu.

Mwaka 1991 mshona mapazia wa mtaa wa pili alikuja kuchukua kiti chake, akakikuta kinacheza, akaambiwa ni kazi ya mwenzangu, naye badala ya kufoka akakikalia pale mlangoni, akakiyumbisha, kok, kok, wateja wakiingia na kutoka, hadi wakati wa kufunga, kisha akauliza, "Fundi, huyo mwenzako amesafiri au hajazaliwa?" Marehemu akacheka mpaka misumari ikamwagika sakafuni, na dada yule akaiokota, akamwekea mezani, akasema, "Basi kazaliwa leo. Nionyeshe pa kuweka cherehani yangu."

Mtaa ulisema ya kwake, mkewe akaumaliza kwa sentensi moja, "Mume wa nyumbani ni wangu, huyo wa karakana na kelele zake mchukue, dada, na mimi nipumue."

Miaka miwili ya kwanza marehemu alitishia kila wiki kurudi kufanya kazi peke yake, na Agosti 1993 nusura atimize. Walipata kazi ya viti vyote vya ukumbi wa harusi, kwa mahameli nyekundu, kitambaa chenye malaika, yaani manyoya mafupi laini, ambayo yakilala huku kinang'aa na yakilala kule kinafifia. Ili wawahi, walilitandaza jora mezani, yeye akakata kutoka ncha hii, dada kutoka ncha ile, kila mmoja akielekeza sehemu ya juu ya kiti upande aliosimama, na viti vilipopangwa ukumbini nusu vilikuwa vyekundu na nusu rangi ya maini. Mtu mmoja, hata awe mzembe namna gani, hawezi kulifanya kosa hilo, linataka wawili. Mwenye ukumbi akauliza ni nani kafanya upuuzi huu, marehemu akafungua mdomo, na safari hii mwenzake alikuwa amesimama ubavuni, futi ya kupimia shingoni, akimtazama. Marehemu akasema, "Tumekosea." Dada akaongeza, "Tutarekebisha." Wakavifumua wote wawili, wakimtania mwenye ukumbi mpaka naye akavua koti akasaidia kung'oa misumari, na wageni wa harusi wakakalia rangi moja.

Tangu hapo hatukumsikia tena akitaja kurudi peke yake, karakana ikawa vyumba vitatu na mafundi saba, na ugomvi wa asubuhi ukawa saa ya mtaa, watu wakiusikia wanajua pamefunguliwa.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akatibiwa, akapata nafuu, akalazwa tena mwezi Januari mwaka huu, na kitandani akamwagiza dada wa cherehani asije akajaribu kuiendesha karakana peke yake. Dada akamjibu, "Mgomvi kama wewe nitamtoa wapi?" Marehemu akamwonyesha binti yake kitinda mimba, akasema, "Huyu anagombana vizuri." Alifariki alfajiri ya tarehe 22 Februari 2024, mkewe amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipokuwa akikagua vitanda vyao, majirani mliobeba maji na viti, na mafundi wenzake waliotengeneza jeneza hili. Jana, katikati ya kilio, dada na yule binti walisikika wakibishana juu ya mto wa kumlazia kichwa, huyu anataka mnene, yule mwembamba, sauti zikafika barabarani, na mjane akafuta machozi, akasema, "Karakana imefunguliwa."

Pumzika kwa amani, kaka. Mto walipatana wa kati.