Mwiko Aliousubiri Salome Oscar Chilumba

Ndugu wafiwa, majirani wa Kitangari, nanyi mliopanda kutoka Masasi na Chiwata, sogeeni kivulini msikilize, maisha ya Salome ni mafupi, hayatawachelewesha makaburini.

Marehemu Salome Oscar Chilumba alizaliwa tarehe 9 Machi 2004 hapa Kitangari, wilaya ya Newala, mtoto pekee wa Oscar na Yuster, mama yake akafariki mwaka 2009, na tangu hapo akalelewa na bibi mzaa baba, Bibi Agnes, aliyemzoesha kuteremka bondeni kufuata maji, mtoto na kindoo chake, akiuliza njia nzima kwa nini Mungu aliweka watu juu na maji chini, na bibi akimjibu kwamba Mungu hayumo, walipanda wenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini hadi mwaka 2017, mwaka huohuo akachezwa unyago, kisha akasoma sekondari na kumaliza kidato cha nne mwaka 2021, matokeo hayakumvusha, shangazi zake wakamtafutia cherehani, yeye akasema anataka kujifunza kujenga visima vya mvua, hivi vya chini ya ardhi, ili miguu ya bibi ipumzike. Wanawake wakacheka, wakasema mwali aliyechezwa akaingie shimoni na wanaume, ataolewa na nani, labda kenge. Bibi Agnes akawajibu kwamba kenge hajawahi kumletea maji, na waume zao vilevile.

Jumatatu ya tarehe 10 Januari 2022, bibi alimpeleka Newala mjini kwa Fundi Halfani, na kuku na kanga mpya kama inavyopasa, akamkabidhi kwa maneno ya wazee: "Fundi, nyama ni yako, mifupa ni yangu." Fundi akapokea kuku, akasema amesikia.

Kwa fundi yule desturi ni hii, mwanafunzi akishaiva hukabidhiwa mwiko wake mbele ya watu, na tangu siku hiyo huitwa fundi na kuchukua kazi yake mwenyewe, asiyepewa hubaki saidia fundi hata akijenga kanisa. Salome alichimba, akakoroga saruji, akapiga plasta, akapiga niru, ule uji wa saruji wa kumalizia, mpaka ukuta ukateleza kama sahani, lakini kila akiuliza habari ya mwiko aliambiwa asubiri kisima kijacho. Kurwa, kijana aliyekuja nyuma yake, alipewa wake mwaka 2023, na Kurwa mwenyewe aliona aibu kuupokea.

Mwaka 2024, kwa mwiko uliovunjika mpini, Salome alimjengea bibi yake kisima nyuma ya jiko, hakijavuja hadi leo, na Fundi Halfani akawa analeta wateja kukitazama, akiwaambia: "Hii ndiyo kazi yangu."

Marehemu hakuolewa wala hakuacha mtoto, posa ililetwa mwaka huu kutoka Chiwata, akaomba wamsubiri kidogo, hataki kuingia nyumba ya watu akiwa saidia fundi.

Jumanne ya tarehe 4 Novemba 2025, huko Newala, walikuwa wakisafisha kisima cha mteja kabla ya mvua, na kwa kuwa mpira wa kunyonyea maji ulikuwa mfupi, Fundi Halfani aliagiza pampu ya petroli ishushwe ndani na Salome ashuke nayo. Salome akasema moshi utakosa pa kutokea, kichwa kitamzunguka. Kurwa alikuwapo, na jibu alilolisikia ni hili: "Mwiko haupewi mwoga. Maliza hiki, kesho unachukua wako." Akashuka. Kurwa alipoona kimya alijifunga kitambaa kibichi usoni, akashuka, akamtoa kwa kamba, Salome akakimbizwa hospitali, hakufumbua macho tena, na Ijumaa ya tarehe 7 Novemba akafariki.

Maji aliyooshewa yametoka kwenye kisima chake, na chai mliyokunywa leo asubuhi ni ya maji hayohayo.

Jana jioni Fundi Halfani alifika msibani na mwiko mpya, umefungwa kwenye gazeti, akaomba uwekwe juu ya jeneza ili marehemu azikwe na heshima yake. Wazee walimwangalia Bibi Agnes, naye hakunyanyuka kwenye mkeka, hakupaza sauti, alisema tu: "Mifupa yangu umenirudishia, Fundi. Huo mwiko aliuomba akiwa hai, rudi nao." Kilichowekwa juu ya jeneza, mnakiona, ni ule wa mpini uliovunjika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani waliochimba kaburi na kupika, kwaya, wale wa Chiwata waliokuja kwa posa na leo wamekuja kwa sanda, na Kurwa, aliyeshuka pale ambapo mwenye kazi hakushuka. Kuwataja wote ni vigumu, lakini ambaye hakutajwa asidhani amesahauliwa.

Fundi Salome, pumzika kwa amani.