Joel Gideoni Chibago na Honi ya Kivukoni

Kule Nkuhungu, Dodoma mjini, alikokuwa akiishi marehemu Joel Gideoni Chibago, yanasemwa maneno. Aliyeyaleta kwanza ni Mama Yasinta, jirani wa ukuta kwa ukuta, Joel akiwa bado yuko wodini baada ya lori lake kugongwa na treni. Alikuja na chupa ya uji, akakaa pembeni ya kitanda, akamwambia Zipora, mke wa Joel: "Mwanangu, usijilaumu wala usimlaumu mwenzako. Treni haikupiga honi. Watu wa pale kivukoni wamesikia za lori tu, zile zake mbili fupi. Si tunazijua? Si ndizo zinatuamshia watoto kila siku? Treni imekuja kimya kama mwizi." Aliyasema kwa huruma, na Joel alikuwa amefumba macho. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unasema hivyo, na wote waliokuwa wanasema walikuwa wanampenda Joel. Basi kabla ya maneno hayo kufika mbali zaidi, ni vizuri watu wamjue Joel mwenyewe alikuwa nani.

Joel alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 hapa Kigwe, wilaya ya Bahi, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Gideoni Chibago na marehemu mama Ruthu. Mama yake alifariki Joel akiwa hajaota hata meno ya mbele, akalelewa na bibi yake, bibi Hilda, ambaye nyumba yake wote mnaiona, inatazamana na reli. Bibi Hilda alikuwa na desturi yake. Treni ikipita, aliacha mchi kinuni, akasimama, akasema "Mbukwenyi," kama anavyomsalimia mtu yeyote anayepita njiani. Alisema si adabu kuacha wageni wengi kiasi kile wapite mlangoni kwako bila salamu. Joel akiwa na mbuzi zake alikuwa anakimbia mpaka karibu na reli na kuinua fimbo juu, na siku nyingine dereva wa treni alimpigia honi. Hapo mbuzi wanaachwa, mtoto anarudi mbio nyumbani. "Bibi, amenijibu." Naye bibi anamwambia, "Amekujibu wewe? Aliyemsalimia ni mimi." Walikuwa wanagombania honi hiyo kama watu wanaogombania kipande cha nyama.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 2008. Hakuwa mtoto wa kupigwa sana wala wa kusifiwa sana. Aliosoma nao wanakumbuka jambo moja. Treni ikilia, Joel alisimama. Alikuwa anasimama wima katikati ya hesabu, macho dirishani, na mwalimu anamwambia, "Kaa chini, Chibago, hujaitwa." Darasa zima linacheka. Maneno hayo yakawa jina lake la utani mpaka ukubwani, na wenzake wa Kigwe wakikutana naye mjini walimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Kaa chini, hujaitwa." Naye anacheka, anavuka kwenda kuwasalimia.

Baada ya shule alilima uwele na karanga pamoja na baba yake. Mwaka 2016, Dodoma ilipoanza kujengwa kila kona, alimfuata kaka yake Seth kule Nkuhungu. Alianza kwa kupakia mchanga kwa koleo. Mwaka 2019 alipata leseni, akakabidhiwa lori la kubeba mchanga, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya mpaka mwisho. Alikuwa hodari. Hakuwahi kulaza mzigo wa mtu. Mama mjane akijenga chumba kimoja alimwagiwa mchanga mpaka ndani ya uzio, si nje barabarani kama wengine wanavyofanya wakakuachia kazi ya kuhamisha. Kwa wasioijua kazi hiyo, dereva wa mchanga hahesabiwi kwa siku, anahesabiwa kwa tripu. Anayewahi ndiye anayekula.

Kati ya korongo la mchanga, upande wa Mkonze, na mjini kuna reli ya zamani. Kivuko chake hakina mlinzi wala mti wa kuzuia magari, kina kibao tu. Tangu treni ya umeme ianze kwenye reli yake mpya, hii ya zamani imebaki ya mizigo zaidi, inapita wakati wowote, na watu wameacha kuihesabu. Madereva wa mchanga walikuwa na mchezo wao pale. Treni ikipiga honi ndefu kwa mbali, dereva wa lori anaijibu kwa mbili fupi, kisha anavuka mbele yake. Wanaita kumpa mkubwa shikamoo. Anayesimama kusubiri anachekwa kijiweni siku nzima, wanamuuliza mimba ina miezi mingapi. Joel siye aliyeuanzisha. Lakini ulimwingia kuliko wenzake, maana yeye tangu utoto wake alijua kwamba treni ikilia inamsalimia yeye.

Joel alikutana na Zipora mahali palipokuwa panajengwa, ambapo Zipora alikuwa akiwapikia mafundi ugali na mlenda. Kwa sababu ya tripu moja ya mwisho, Joel alifika kila siku sufuria zikiwa zimeshaoshwa. "Dada, hakuna hata ukoko?" Zipora anamjibu, "Ukoko wa nini, kaka? Wewe umewahi chakula cha mchana cha kesho." Mwishowe akawa anamfichia sahani chini ya beseni. Walifunga ndoa kanisani hapa Kigwe tarehe 17 Aprili 2021, na tarehe 2 Februari 2024 walipata binti, wakampa jina la marehemu mama yake Joel, Ruthu.

Kama mume, Joel hakuwa na makuu. Alifua nepi za mtoto na kuzianika mbele ya nyumba, mchana, watu wakiona. Wenzake wakipita wanamtania, "Joel, umeolewa?" Anasema, "Nimeolewa, na mahari nimetoa mwenyewe." Jioni alimweka Ruthu magotini, akamfundisha kushika usukani wa kifuniko cha sufuria na kupiga honi kwa mdomo. Ruthu alijua kulia honi kabla ya kujua kusema baba.

Siku moja Joel alimpakia Zipora na mtoto kwenye lori kwenda Mkonze. Walipokaribia kivuko treni ikalia. Zipora alidhani wanasimama. Joel alijibu mbili fupi, akakanyaga mafuta, wakavuka, na ndani ya kioo cha pembeni Zipora aliona kichwa cha treni kimejaa kioo kizima. Joel alikuwa anacheka. "Umeona? Nimempa shikamoo yake."

"Asipoipokea je, Baba Ruthu?"

"Anaipokea kila siku. Mama Ruthu, yule ni mkubwa lakini ni mzito. Mimi ni mwepesi."

Zipora alisema naye. Alisema kwa upole, alisema kwa kununa, alisema kwa kumpitia Seth. Joel alikubali kila mara, maana hakuwa mtu wa kubishana na mkewe. Kesho yake Zipora akiwa anafua, alisikia kule relini honi ndefu, halafu mbili fupi. Akizisikia zile mbili alisimama na nguo inamchuruzika mikononi, akisubiri kama kutakuwa na kishindo. Kisipokuja, anaendelea kufua. Aliishi hivyo. Mwishowe alichukua soksi moja ya Ruthu, akaifunga kwenye kioo cha ndani cha lori, akamwambia, "Ukifika pale uitazame hii." Joel aliibusu ile soksi. Wiki hiyo, wenzake wanasema, alisimama kivukoni, na kijiweni wakamuuliza mimba ina miezi mingapi.

Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, mchana, Joel alikuwa anatoka Mkonze na mchanga. Njiani alimkuta Bi Mwanne, mwenyeji wa Kolo, mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kwake, akiwa na ndoo yake ya karanga. Joel alisimamisha lori. "Panda, Bi Mwanne, jua hili litakuangusha." Bi Mwanne akasema, "Gari lenyewe refu hivyo, mwanangu, umeniletea ngazi?" Joel alishuka, akamnyanyua mpaka kwenye kiti, akampandishia na ndoo. Walioona walicheka wote, na Bi Mwanne mwenyewe alikuwa anacheka. Pale kivukoni treni ya mizigo iligonga lori upande aliokaa Bi Mwanne. Alifariki palepale. Kesho yake mwanawe, Abubakari, na ndugu zake walimzika kwao Kolo.

Siku hiyo Zipora hakuwa nyumbani. Alikuwa amempeleka Ruthu kliniki kupimwa uzito. Hakusikia ndefu wala fupi. Ile soksi haijapatikana.

Joel alilazwa hospitali ya mjini akiwa amevunjika nyonga, na mbavu zimemtoboa pafu. Madaktari na wauguzi walifanya yaliyokuwa kwenye uwezo wao, familia inawashukuru. Zipora alikaa pale na mtoto mgongoni, akimfuta midomo kwa kitambaa kibichi, maana kazi aliyobakiziwa ilikuwa hiyo tu. Aliona kwamba tangu siku Mama Yasinta aliposema maneno yale, Joel aligeuzia uso ukutani, na hata akigeuzwa na wauguzi anarudi kulekule.

Abubakari aliporudi kutoka Kolo alikuja moja kwa moja wodini, viatu vikiwa bado na vumbi la makaburini. Yeye na Joel walikuwa wanashirikiana mpaka wembe wa kunyolea. Alikaa, akamshika mkono. "Kaka, mama ametangulia. Wewe pona tu. Hao wa treni niachie mimi." Joel alifungua mdomo. Kikatoka kikohozi, kisha machozi. Abubakari akadhani ni uchungu wa mama, akalia naye. Zipora alisimama kando, akiyaona macho ya mumewe.

Jumatano ya wiki iliyofuata vijana wa mtaani walisimama kivukoni na mawe, na Abubakari akiwa mbele yao. Treni ya mizigo ikapita. Jiwe lilivunja kioo, likampasua usoni dereva aitwaye Shaaban, mtu mwenye watoto, ambaye siku ya ajali hata hakuwa kazini. Wanasema jicho moja huenda asilione tena. Habari hiyo ililetwa wodini kwa furaha. Joel aliisikia. Asubuhi yake, Alhamisi tarehe 28 Agosti, alipata nguvu kidogo ya kusema, akasema na mkewe. Saa sita mchana alifariki.

Familia ilipokaa kuandaa wasifu huu, Zipora aliandika yote, kisha akamkabidhi shemeji yake Seth, ambaye ndiye anayeusoma. Seth alisoma mpaka mwisho, akaukunja. "Shemeji, hapa mwisho tupaache. Wasifu ni wa kumheshimu mtu."

"Nami namheshimu."

"Utaishi na watu hawa. Mlango kwa mlango. Huyu mtoto atakulia hapo."

"Najua, shemeji. Lakini kasema yeye, na kasema yasomwe siku ya kumweka chini."

"Na Abubakari ameomba ashike jembe la kwanza kaburini. Unajua hilo?"

"Najua. Nimemsikia akiomba." Seth akaukunjua tena, akataka na mazungumzo haya yaingie, kisha akamwambia kijana wa kuchapisha mengine ayaache kama yalivyo.

Joel ameacha baba yake, mzee Gideoni. Kaka yake, Seth. Mke wake, Zipora. Na binti yake, Ruthu, ambaye bado analia honi jioni akikisikia kifuniko cha sufuria. Amemwacha pia bibi yake, bibi Hilda. Tangu ajali, treni ikipita bibi hasimami. Mungu ampokee mtoto huyu wa Kigwe na ampe amani yake. Akae chini sasa, apumzike, hajaitwa na mtu.

Limebaki lile alilomwomba mkewe asubuhi ya Alhamisi. Alimwita karibu, akamshika ushungi ili ainame, akasema maneno haya, nayo yanasomwa kama alivyoyasema:

"Mama Ruthu, siku mkiniweka chini, kabla udongo haujamwagwa, mwambieni Abu honi ilipiga. Ilipiga ndefu. Mimi niliisikia, na mama yake aliisikia, akaniambia nisimame. Nikaijibu. Mimi nimeshindwa kumwambia, nikimtazama nashindwa. Mwambie wewe, mbele za watu, asije akaokota jiwe lingine."