Mustari wa Kumi na Saba

Hidaya: Haloo? Nasikia upepo tu huku. Nani mwenzangu?

Préfet: Mwenzako nani? Mimi ni Préfet. Préfet Magloire, mukubwa wa shule, institut ya Kabambare.

Hidaya: Ah, Préfet! Jambo. Habari ya Kabambare? Wanafunzi wote wa—

Préfet: Acha. Unités zangu za simu sikununua kwa ajili ya salamu. Ni wewe yule binti wa Kasongo, wa kibanda cha photocopie?

Hidaya: Secrétariat, Préfet. Ndiyo mimi, Hidaya. Mama Safia.

Préfet: Hidaya ao mama wa nani, ni sawa tu. Ile mashine yenye ulikuja kutuwekea imekula liste ya finalistes, watoto wa mwaka wa mwisho. Liste ya Examen! Watoto makumi tatu na munane!

Hidaya: Imekula namna gani? Fichier haifunguki?

Préfet: Inafunguka. Ndani ndiyo kuna wazimu. Nilisema mbele ya kamati ya wazazi, nikasema, musichukue hiyo Linux ya bure. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Lakini wazazi wakasema hapana, Hidaya anajua, Hidaya alisoma. Alisoma wapi? Masomo ya jioni! Diplôme ya taa ya mafuta!

Hidaya: Ya taa ya solaire, Préfet. Unaona nini kwenye kioo, kwenye écran?

Préfet: Naona uchafu kwanza. Kuna doa la kidole hapa katikati ya écran, tangu siku ulikuja. Nimepangusa, haitoki. Hata usafi hamukufundishwa?

Hidaya: Doa tuliache. Liste inasema nini?

Préfet: Inasema... sikia hii. Fadhili Assumani. Unamujua Fadhili? Ndevu zimejaa uso kama mwalimu. Mashine inasema sexe F, mwanamuke. Amezaliwa Wamaza! Fadhili ni mutu wa hapa, baba yake alinijengea ukuta!

Hidaya: (akizuia kicheko) Na mwenye kumufuata?

Préfet: Nathanaël. Huyu amepewa tarehe ya Fadhili. Emilienne amekuwa mwanaume. Kila mutu amevaa kanzu ya jirani yake. Na mwisho kabisa, mustari wa makumi tatu na munane, kuna tarehe, kuna pahali pa kuzaliwa, Lusangi, lakini jina hakuna. Nani amezaliwa bila jina?

Hidaya: Préfet, wa kwanza mpaka wa ngapi wako sawa?

Préfet: Nini?

Hidaya: Wazimu unaanzia wapi? Namba ngapi?

Préfet: (laini inakwaruza) ... kumi na saba.

Hidaya: Sikusikia.

Préfet: Kumi na saba! Wa kwanza mpaka kumi na sita wako sawa. Kutoka kumi na saba, balaa.

(Hidaya anahesabu chini kwa chini.)

Préfet: Haloo? Umelala?

Hidaya: Niko hapa. Nani aligusa mashine leo?

Préfet: Hakuna mutu aligusa. Ufunguo wa bureau unalala mufukoni mwangu. Walimu wenyewe wanapiga hodi. Unafikiri hapa ni kibanda chako, kila mupita njia anaweka kidole?

Hidaya: Basi ni wewe peke yako.

Préfet: Mimi na Mungu. Sasa fanya kitu. Djuma wa moto iko hapa nje juu ya pikipiki yake, kofia iko kichwani tayari. Saa saba anaondoka, ju mvua inajikusanya upande wa Wamaza na ile njia unaijua. Liste ikose kufika Kasongo leo, watoto hawafanyi Examen. Mwaka mzima unapotea. Na nitasimama kanisani nitaje jina la mwenye kuwapoteza.

Hidaya: Unaweza kuandika upya kwa kalamu?

Préfet: Dossiers za watoto wote ziko Kasongo tangu juma lililopita! Tarehe zao nitatoa wapi, ndotoni? Na karatasi yenye kukwaruzwa, hata mustari mumoja, watu wa Examen wanairudisha. Hawapokei. Wanataka iliyochapwa, safi, na cachet, muhuri wa shule.

Hidaya: Iliyokwaruzwa hawapokei.

Préfet: Nimesema hivyo. Unarudia nini kama kasuku?

Hidaya: (kwa mtoto) Safia, mama iko kwa simu, kula muhogo yako... Préfet, unakumbuka siku nilikuja, nilikuambia mashine itapiga picha kila saa?

Préfet: Ile hadithi yako.

Hidaya: Picha ya kazi yote vile iko saa hiyo. Jua likiwa juu na batterie ikijaa, saa kwa saa, kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Kwa kawaida inalinda mashine peke yake, haiangalii kazi za watu. Mimi niliiamuru iangalie na fichiers za shule. Nilitaka kukueleza, ukasema—

Préfet: Nilisema sina wakati wa kuelezwa na mutu yenye alitoka hapa kwangu mwaka wa tano, tumbo mbele. Na ninarudia.

(Laini inakwaruza.)

Hidaya: Shika souris, kile kipanya cha mukono, Préfet.

Préfet: Nimeshika.

Hidaya: Kwenye écran, chini upande wa kushoto, kuna folder yenye jina ZAMANI. Bonyeza mara mbili.

Préfet: ZAMANI... Naona. Nilifikiri ni muziki ya rumba ya wazee, nikaiacha. (mbofyo, mbofyo) Kuna siku. Ndani ya siku kuna masaa.

Hidaya: Ingia leo. Saa tano. Fungua liste.

Préfet: Inakuja... inakuja... Ni ile ile! Fadhili bado ni mwanamuke! Unaona? Upuuzi! Picha ya wazimu ni wazimu!

Hidaya: Toka. Ingia saa tatu.

Préfet: Mara saa tano, mara saa tatu. Umekuwa muganga wa kutafuta mwizi na kioo?

Hidaya: Saa tatu, Préfet.

Préfet: (mbofyo) ... Ah.

Hidaya: Ah nini?

Préfet: Fadhili amerudi mwanaume. Kuzaliwa Kabambare. Emilienne, F. Wa mwisho iko na jina. Sawa. Sawa. Kumbe hata kipofu siku moja anaokota sindano.

Hidaya: Basi saa tatu liste ilikuwa nzima. Saa tano ilikuwa imeharibika. Na ufunguo uko mufukoni mwako.

Préfet: Unataka kusema nini?

Hidaya: Sisemi. Mimi ninahesabu masaa tu. Mutu alifuta jina moja bila kufuta mustari mzima. Majina ya chini yakapanda ngazi moja, tarehe zikabaki pale pale. Kisha akasauvegarder, akahifadhi vile vile. Mashine haikula kitu. Mashine haina njaa.

Préfet: Funga kinywa. Nimepata liste yangu, imekwisha. Kaa na— (mbofyo) ... (mbofyo, mbofyo) ... Hm.

Hidaya: Préfet?

Préfet: Inakataa.

Hidaya: Inakataa nini?

Préfet: Ninabonyeza, inaleta kikaratasi: lecture seule. Lecture seule, ni kusema nini?

Hidaya: Inasomwa tu. Haiandikwi. Préfet, nilisema ufungue. Sikusema uandike. Unaandika nini?

Préfet: Ninasahihisha.

Hidaya: Unasahihisha nini, na ilikuwa sawa sasa hivi?

Préfet: Hayo ni mambo ya discipline ya shule! Hayakuhusu!

Hidaya: Mustari wa ngapi?

Préfet: Nifundishe kuitoa humo ndani. Kuna njia, najua kuna njia. Niitoe, niiweke pahali pa kuandika. Haraka, unités zinakwisha.

Hidaya: Njia iko.

Préfet: Sema basi!

Hidaya: Hiyo ni somo la jioni, Préfet. La mwezi wa pili. Ulisema la taa ya mafuta.

Préfet: Unanicheka? Wewe? Mimi nilikuona uniforme imekubana, unajifichaficha nyuma ya—

Hidaya: Nyuma ya Mathilde, banc ya mwisho karibu na mulango. Ulinitoa mbele ya darasa zima. Ulinipokonya cahiers, ukasema karatasi haifai kupotezwa. Ninakumbuka vizuri, haihitaji mashine. Sasa chapa.

Préfet: Siwezi kuchapa hivi. Nina jina ya shule ya kulinda. Mutoto wa mutu anaingia darasani na mwanawe mugongoni, ananyonyesha saa ya recreation, wenzake wanaangalia. Mimi nipeleke yule Kasongo kama finaliste wa shule yangu? Wazazi watasema nini?

Hidaya: Wazazi ndio walilipa moto yangu nije kuandika liste. Wakanisomea majina mumoja mumoja. Na lake walilisoma.

Préfet: Wazazi hawana cachet. Cachet iko na mimi.

Hidaya: Ndiyo. Uko na cachet, uko na ufunguo, uko na karatasi mbili. Moja Fadhili amezaliwa Wamaza. Ingine iko sawa, na watoto wote wamo. Ya kukwaruza hawapokei. Umenieleza mwenyewe. Saa ngapi huko?

Préfet: Saa saba kasoro robo. Djuma anapiga honi. Djuma! Ngoja kwanza!

Hidaya: Ukiacha, watoto wote wanakosa. Hata mutoto wa dada yako, namba tisa.

Préfet: Nyoka wewe. Nimesema, nyoka. Kumbe ndiyo sababu ulifunga hii folder na kufuli.

Hidaya: Hapana. Kila mahali inafungwa hivyo, ju mutu asibadilishe jana. Sikukufikiria hata kidogo siku ile, Préfet. Nilifikiria panya na kukatika kwa courant ya umeme.

(Honi ya moto, mbali.)

Préfet: ... Nibonyeze wapi kwa kuchapa?

Hidaya: Juu, alama ya imprimante. Lakini unisomee kwanza. Nataka kuhakikisha.

Préfet: Nikusomee wote makumi tatu na munane? Na unités—

Hidaya: Kutoka kumi na tano.

Préfet: Kumi na tano, Bakari Sefu. Kumi na sita, Souleymane Ramazani. Kumi na munane, Fadhi—

Hidaya: Kumi na saba.

Préfet: Siwezi kuusoma vizuri. Doa liko juu yake. Hiki kidole chako kichafu.

Hidaya: Si kidole changu.

Préfet: Cha nani basi?

Hidaya: Siku ile niliandika, alikuja kwenye dirisha. Akauliza kama kweli jina yake iko ndani. Nikamwambia ingia uangalie. Akaigusa. Alikuwa anatoka kulisha mwanawe, kidole kilikuwa na uji. Niliona, sikupangusa.

(Laini inakwaruza.)

Hidaya: Kumi na saba, Préfet.

Préfet: ... Darlène.

Hidaya: Jina lote.

Préfet: Kashindi Darlène. F. Wamaza. Umeridhika?

Hidaya: Kumi na munane?

Préfet: Fadhili Assumani, M, Kabambare! Ninachapa! Sikia, inalia, sikia imprimante yako!

Hidaya: Naisikia. Weka cachet.

Préfet: Usinipe amri ndani ya bureau yangu! (Po!) Imewekwa. (Po!) Ya pili imewekwa. Na sikia vizuri, hata apeleke jina, atashindwa. Wa namna ile wanashindwa siku zote.

Hidaya: Mwambie Djuma asimame kwangu kwanza, kwenye turubai, bâche ya bleu mbele ya soko. Nitahesabu mistari, kisha naipeleka mwenyewe kwa watu wa Examen, kwa miguu.

Préfet: Hauniamini?

Hidaya: Na mwambie Darlène, akitaka mahali pa kulaza mutoto siku ya Examen, Safia wangu anajua kubembele—

Préfet: Mimi si mutu wa kutumwa na... haloo? Haloo? Unités zi—

Hidaya: Préfet? Haloo? ... (kwa mtoto) Safia, maliza muhogo. Kuna mugeni atakuja na mutoto wake, tufagie.