Historia ya Mzee Njiti, Mtunzaji wa Samaki Wembamba

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Mzee Njiti, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa bandari, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa karani wa forodha. Alimaliza sekondari mwaka 1970, akifaulu biolojia na kuanguka kila somo lililohitaji kusema mbele za watu.

Tarehe 2 Januari 1972 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa bahari, akakabidhiwa aina ya samaki mdogo, mwembamba kama njiti, urefu wa kidole, anayesimama wima katikati ya nyasi za bahari hata jicho likampita, na kwa miaka kumi na mmoja marehemu aliwahifadhi samaki hao kwenye chupa za spiriti, kila mwenye mayai akimwandikia “jike”. Mwaka 1983, akichungulia tangi, aliona jike akimkabidhi dume mayai yote na kwenda zake, dume akabaki nayo kwenye mfuko wa tumboni wiki tatu, mpaka watoto wakatoka wazima. Mkuu wa kituo alimwambia aache lebo zilivyo, nani atafungua chupa hizo, lakini yeye alibadilisha lebo zote mia nne na kumi na mbili kwa mkono wake.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979 na mshonaji wa mtaa wa pili, wakajaliwa watoto watatu, na mkewe alifariki tarehe 9 Juni 1988, kitinda mimba akiwa na miezi saba. Ukoo ulikaa, ukaamua watoto wagawanywe, eti mwanamume hajui kulea, na dada wa marehemu akafunga begi la kitinda mimba. Marehemu alisimama mlangoni, akasema kazini kwake wapo akina baba wa urefu wa kidole wanaobeba watoto wote, hivyo begi lifunguliwe. Watu walicheka, dada akanuna miaka miwili, na nepi zikaanikwa juu ya matangi ya kituo.

Aliugua figo tangu Novemba 2021, akafariki tarehe 11 Februari 2024, saa nne asubuhi, watoto wote watatu wakiwa wamemzunguka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali, na wenzake wa kituo waliokubali kuzitunza chupa zake. Dada aliyefunga begi lile ndiye anayewasomea historia hii, na hakuwahi kumwambia marehemu neno alilopaswa kumwambia. Kaka, ulijua kulea. Lala kwa amani.